Chetezo cha Bi Zuwena

Mkaguzi hafukiziwi udi. Leo mmeusikia msemo huu na nyote mmecheka, kwa sababu mnamwona mkaguzi na kalamu yake sikioni, amezungukwa na moshi kama bibi harusi. Haya, chekeni, kucheka hakuna ushuru. Lakini aliyeusema kwanza hakuwa akicheka. Methali hii ilianza hivi.

Katika mtaa wa Mtakuja aliishi mjane mmoja, Bi Zuwena binti Makame, mshona magodoro ya sufi. Nusu ya mji ililala juu ya kazi ya mikono yake. Msichana akiposwa, godoro kwa Zuwena. Mzee akiteguka kiuno, godoro kwa Zuwena. Chumba chake cha nyuma ndicho kilichokuwa karakana: marobota ya sufi yamepangwa hadi karibu na dari, na magodoro ya wateja yakingoja wenyewe. Hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtegemea. Riziki yake yote ilikuwa ndani ya chumba kile.

Na alikuwa msafi! Mama yake alimlea kwa neno moja: mgeni asiruke uchafu wako. Watu walimtania kwamba hata nzi, akitaka kuingia kwa Zuwena, hupangusa miguu kwanza.

Masika ya mwaka ule chemba ya maji taka ya manispaa, iliyokuwa mbele ya nyumba yake, iliziba. Wakazi waliripoti mara tatu, na mara tatu wakaambiwa gari la kuzibua liko njiani. Gari gani lile, na njia gani ile, hakuna anayejua mpaka leo. Ikaja mvua kubwa. Yale maji yakakosa pa kwenda, yakarudi yalikotoka, yakapandia chooni na kujaa vyumbani hadi magotini. Sufi nayo hunywa, haichagui kinywaji; marobota ya chini yakalegea, ya juu yakaporomokea majini. Hata kabla ya adhuhuri marobota yote yalikuwa uji, na uji wenyewe si wa kusimulia watu wanaotaka kula.

Nyumba ya pili ilipatwa vivyo hivyo. Hiyo ilikuwa ya Bi Tausi, mwanamke wa kucheka sana na kufagia kidogo.

Maji yalipopungua akaja karani wa manispaa, akakiri mbele ya watu kwamba chemba ni yao na fidia ipo. "Ila msiguse kitu," alisema. "Mkaguzi aje aone kwa macho yake. Atakachoandika ndicho mtakacholipwa."

Bi Zuwena akangoja. Kesho yake mkaguzi hakuja, wala kesho kutwa. Wiki nzima alilala barazani na kula kwa kujilazimisha, akiyavumilia yote kwa ajili ya sufi mpya. Siku ya nane karani akapita mbio: "Kesho asubuhi anakuja!"

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha. Uvundo aliuweza. Mgeni kuukuta ule uvundo, hapana.

"Mtu atoke ofisini na viatu vyake, nimkanyagishe kinyesi?" alimwambia Bi Tausi. "Uso wangu nitauficha wapi?"

"Shoga, tumeambiwa tusiguse."

"Tumeambiwa tusiguse, hatukuambiwa tumtie mtu kichefuchefu. Wewe mpokee na hiyo harufu yako, atapike mpaka anafika kwao!"

"Mimi nitakaa na uvundo wangu," Bi Tausi akacheka. "Umeshanizoea."

Bi Zuwena akaita vibarua wawili. Marobota na magodoro yakabebwa hadi jalalani, yakamwagiwa mafuta ya taa, yakachomwa. Sakafu ikasuguliwa kwa majivu na dawa mpaka ikang'aa. Ukutani maji yalikuwa yameacha mstari mweusi, umezunguka chumba kizima kama uliopigwa kwa rula. Akaupaka chokaa mara mbili. Mara ya tatu akapaka kwa raha ya moyo wake tu. Asubuhi akakaanga vitumbua, akakitoa sandukuni chetezo cha arusi yake, akafukiza udi nyumba nzima.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, Bwana Lukindo, mwenye mkoba kwapani.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani. Usivue viatu."

Akaingia, akavuta pumzi, akatabasamu. Akala kitumbua, akala cha pili, na cha nne akakila akiwa ameshafungua fomu.

"Mama, nyumba yako inapendeza. Sasa nipeleke kwenye uharibifu."

"Ndiyo hapa, mwanangu. Chumba hiki."

Akatazama sakafu, kuta na dari. "Hapa wapi?"

"Maji yalifika hapa," Bi Zuwena akashika goti lake. "Palikuwa na alama ukutani. Nimeipaka chokaa."

"Na mali?"

"Marobota na magodoro ya watu. Nimeyachoma."

"Majivu yako wapi?"

"Jalalani."

"Mama, jalala lina majivu ya mtaa mzima."

"Basi inama unuse sakafu! Harufu kama ile haiwezi kuisha."

Kijana wa watu, kwa heshima, akapiga magoti na kuweka pua sakafuni. Aliponyanyuka hakuweza kumtazama usoni.

"Ni udi, mama. Tena udi mzuri."

"Waulize majirani!"

"Fomu haina mahali pa majirani. Mimi naandika ninachokiona." Akaichezea kalamu, akaandika mstari mmoja, akashukuru kwa vitumbua.

Kwa Bi Tausi hakuvuka hata kizingiti. Alisimama mlangoni na leso puani, akaandika kurasa tatu.

Barua zikaja. Bi Tausi akalipwa. Ya Bi Zuwena ilisema: hakuna madhara yaliyoonekana. Akaandika malalamiko, akayahifadhi sandukuni pamoja na chetezo usiku mmoja, akayapeleka mwenyewe. Karani akaifungua barua, akainusa, akatikisa kichwa. "Mama, hata malalamiko yako yananukia."

Wateja walitaka magodoro yao, nao walikuwa na haki. Akauza kitanda na makabati kuwaridhisha. Sufi ya kuanzia upya hakuipata tena. Mshona magodoro wa mji mzima akawa analala mkekani.

Godoro la mwisho kulishona lilikuwa la Bi Tausi, kwa sufi iliyonunuliwa na fidia. Walikaa wawili sakafuni, mmoja akishindilia, mwingine akipitisha sindano.

"Shoga, siku ile ningekufunga kamba," alisema Bi Tausi. "Niliogopa utaniona nautetea uchafu wangu."

"Ningekuona hivyo hivyo." Bi Zuwena akavuta uzi. "Sikukosa kwa kusafisha, Tausi. Nilikosa kumjua aliyekuja. Mgeni huja akufurahie. Yule alikuja kuniona nilivyoumia, nami nikamficha jeraha." Akaukata uzi kwa meno. "Mkaguzi hafukiziwi udi."

Bi Tausi, kwa mazoea yake, akaanza kucheka. Kicheko kikamfia kinywani, akaendelea kushindilia sufi.

Bi Zuwena hakufukiza tena hadi alipofariki. Kile chetezo alikitumia kutilia sindano zake, zikaota kutu humo humo. Na pale Mtakuja, chemba ikifurika, na bado hufurika, utawaona wanawake wasafi wa kutupwa wamekaa barazani, mikono mapajani, mafagio yameegemezwa ukutani, wanamngoja mtu wa ofisini. Ukiwauliza mbona hawafagii, watakujibu bila kucheka: mkaguzi hafukiziwi udi.