Tausi na Sinia la Ukweni

Paukwa!

Pakawa.

Jungu liko wapi?

Jungu liko jikoni.

Na walaji je?

Walaji tumejaa mlangoni.

Basi sogeeni, mle kwa masikio.

Hapo zamani za kale, kabla miaka haijaanza kuhesabiwa, lakini kwa hakika siku ya Jumatano, mwezi wa kupalilia, mkulima mmoja aitwaye Semboja aliamka akakuta nguruwe mwitu wamefanya karamu shambani mwake. Mahindi yalikuwa yamelala chini. Nguruwe mmoja akamwambia kutoka kichakani, kwa heshima zote, "Tumeshukuru, mzee. Tutarudi."

Semboja alikuwa na mbwa jike, jina lake Tausi. Pua ya Tausi haikuwa na mfano: alimnusa nguruwe angali ng'ambo ya mto. Lakini mbwa mmoja halindi shamba la pande nne, na umri wa Tausi ulikuwa umesonga. Semboja akaazimia Tausi azae watoto mara moja. Uzao huo ukipotea, hapatakuwa na mwingine, wala hapatakuwa na mahindi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Tausi alichagua chakula kama bibi harusi achaguavyo kanga.

Akatafutiwa mume, Jabali, mbwa wa jirani yao Kaniki.

"Nikuonye, ndugu yangu," akasema Kaniki. "Jabali alikula mpini wa jembe."

"Akaacha nini?"

"Jembe."

"Huyu ndiye mkwe," akasema Semboja.

Ndoa ikapita, mimba ikaingia, na vituko vikaanza.

Siku ya kwanza Semboja akatenga ugali na maharage. Tausi akanusa, akageuza shingo. "Ugali huu umepikwa na mtu mwenye mawazo." Semboja akakimbia, akaleta maziwa.

Siku ya pili akatenga maziwa. Tausi akanusa, akageuza shingo. "Ng'ombe huyu simfahamu." Semboja akakimbia, akaleta yai la kuchemsha, limekwisha kumenywa.

Siku ya tatu akatenga yai. Tausi akanusa, akageuza shingo. "Limenitazama vibaya." Semboja akakimbia, akaleta ini la mbuzi la kuchoma, akapiga magoti, akalipepea kwa ungo mpaka likapoa. Tausi akalamba mara moja. "Kesho tutaona," akasema, akalala.

Sikudhani, mkewe Semboja, alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Chiku, mimi nimekuzalia watoto sita. Ni lini ulinipepea hata uji?"

"Wewe hukatai chakula, Mama Chiku."

"Laiti ningalijua."

Semboja hakucheka. Mbavu za Tausi zilikuwa zimechomoza kama fito za ukuta, na tumbo halikui. Kadiri mapishi yalivyozidi, ndivyo Tausi alivyozidi kungoja ya kesho. Na mbwa asiyekula hana maziwa, na watoto wasionyonya hawafiki shambani.

"Niachie mimi," akasema Sikudhani. Akapeleka ujumbe kwa Kaniki: mkwe aje ukweni.

Na desturi ya nchi hiyo ilikuwa hivi: mkwe akifika, hutengewa sinia moja ale na mkewe. Mke hapikiwi chungu cha pembeni hata kidogo, maana ni kumwambia mkwe kwamba chakula alichopewa hakifai. Aibu hiyo hata Semboja asingaliithubutu.

Jabali akaja mbio, mate yakimtangulia. Likatengwa sinia la ugali na maharage.

"Karibu, mume wangu," akasema Tausi. "Mimi nanusa kwanza."

Kabla hajamaliza kunusa, Jabali alikuwa akiuliza kama sinia nalo linaliwa.

Semboja akainuka, macho kwenye banda la kuku.

"Keti, baba," akasema Sikudhani. "Mkwe yupo."

Siku ya pili Tausi alinusa upesi, akaambulia ukoko. Akauona mtamu, akashangaa mwenyewe. Siku ya tatu hakunusa kabisa. Alikuwa amekwisha kuingia siniani kwa miguu miwili, na Jabali, mla mipini, akimsihi kwa upole, "Mke wangu, nibakizie walau tonge."

Mbavu zikafunikwa, tumbo likawa ngoma, na mwezi wa mavuno Tausi akazaa watoto saba wenye pua za mama na matumbo ya baba.

Siku walipoachishwa ziwa, mtoto mmoja akaunusa ugali, akageuza shingo. Semboja akainuka nusu. Akamtazama mkewe. Akaketi, akakunja mikono, akatazama mawingu kana kwamba ana shughuli huko.

Ndugu sita wakala. Yule wa saba akageuza shingo tena, upande wa sinia safari hii. "Kwani mnamaliza?" akauliza, akajitosa.

Msimu uliofuata nguruwe walirudi kama walivyoahidi. Walinuswa wangali ng'ambo ya mto, wakafukuzwa hadi nchi ya watu wengine. Na aliyekuwa mbele ya wote, tumbo limejaa, ni yule wa saba.

Funzo lake ni hili: anayebembelezwa kila akataapo hujifunza kukataa. Umpendaye mtengee chakula chema, kisha wewe keti.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa sinia. Aliyeshiba anawe mikono. Aliyegeuza shingo, lake limekwisha kuliwa.