Kimya cha Spika Si Kifo cha Wimbo

Kimya cha spika si kifo cha wimbo. Mmemsikia mwalimu wenu wa netiboli akiisema leo mlipofungiwa uwanja, na mmeikariri njia nzima mkija hapa kwangu, lakini naona hakuna anayejua ilikozaliwa. Mnadhani ni ya kale. Si ya kale hata kidogo. Ilizaliwa hapa hapa Muheza, sebuleni kwa Hemedi Semkiwa, nikiwa nimesimama mlangoni na kanga yangu mkononi. Na aliyeisema alikuwa hana sauti. Kaeni vizuri niwaeleze.

Hemedi alikuwa na dada yake mdogo, Saumu. Huyo Saumu ndiye aliyekuwa mwimbaji wa mbele wa kikundi chetu cha ngoma, Kaza Moyo. Sisi wengine tulikuwa waitikiaji tu. Sauti yake ilikuwa nzito kwa mwanamke, na ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mlango wa mbao unaofunguliwa na mtu unayempenda. Nyimbo alizitunga mwenyewe, akimenya mihogo au akifua, na hakuwahi kuandika hata moja. Alituimbia, tukaitikia, basi.

Studio za mjini hazikututaka. Walisema ngoma za wanawake wa shamba hazina wasikilizaji. Saumu akasema, "Hawatutaki? Tutajirekodi wenyewe." Hemedi alikuwa na kompyuta ya mezani pale sebuleni, akanunua maikrofoni, tukaining'iniza kwenye henga ya nguo. Tulifunga madirisha, tukaegemeza godoro mlangoni kuzuia kelele za kuku, tukaimba huku jasho likitutiririka. Nyimbo zote za Kaza Moyo zikaingia kwenye kompyuta ile. Katika mmoja jogoo anasikika wazi, godoro au si godoro.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na vituko. Feni yake ilikoroma kama mzee mwenye pumu. Umeme ukikatika, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi, ikawa inabishana nawe kuhusu leo ni lini. Herufi moja ya kibodi ilikuwa haibonyezeki mpaka uigonge. Na ile programu ya muziki ndiyo ilikuwa balaa. Ukiongeza sauti leo, kesho imesahau. Wimbo ukifika patamu, inakuletea tangazo katikati ya kioo ikikuuliza kama unataka kuiboresha. Saumu aliigombeza kama mke mwenza. "Nyamaza wewe, nani kakuuliza?" Kisha anafunga lile tangazo na kuendelea kusikiliza.

Halafu akaugua. Uvimbe kooni. Wakampasua hospitali ya mjini, akapona, tukamshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi naye. Alibaki na mnong'ono, na hata huo ulimchosha. Watu walikuja kumpa pole. Kila mmoja alisema, "Shukuru uko hai, Saumu." Naye aliitikia kwa kichwa. Nilimtazama usoni, na nikajua kwamba maneno yale yalikuwa yanamchoma.

Hakukaa kulia. Alikusanya wasichana wa mtaani, wakubwa kidogo kuliko nyinyi, akawaweka mbele ya kompyuta. Aliwachezea wimbo, akausimamisha, akaurudisha nyuma, akagonga meza kuonyesha mdundo unapogeuka. Aliyekosea alimshika kidevu na kumwinua uso. Mambo ambayo koo lake halikuweza tena, alikuwa akiyafanya kwa kidole na kipanya. Na wasichana wakaanza kushika. Tulikuwa tumealikwa kuimba kwenye harusi ya Zubeda, jirani yetu, na Saumu alitaka wasichana wale waimbe wimbo wake wa bibi harusi, ule wenye maneno haya:

Bibi harusi usitazame chini,
ardhi haikuoi.
Inua uso wakuone,
hukuja kuomba radhi, umekuja kuolewa.

Hawajaujua hata nusu, balaa likaingia.

Saumu alikwenda Tanga kwa daktari akalala kwa ndugu. Huku nyuma umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, taa nyingine za mtaa zikaungua. Na siku hizo hizo Hemedi alikuwa amemwita fundi kumwongezea diski ya pili ndani ya kompyuta, apate nafasi ya kuhifadhi picha na shughuli zake. Saumu aliporudi, hata buibui hakuvua, alikwenda moja kwa moja kuwasha. Akafungua programu ya muziki. Majina ya nyimbo yalikuwepo yote, lakini yamefifia, na kila moja lina alama ya mshangao pembeni. Akabofya la kwanza. Programu ikajibu: faili halikupatikana. Akabofya la pili. Halikupatikana. La tatu, vivyo hivyo.

Alianza na spika. Akaingia chini ya meza akavuta nyaya zote, akakuta moja imelegea, akaikaza. Spika zikatoa mlio. Akatoka chini ya meza anacheka, vumbi kichwani, akabofya tena. Kimya. Akapandisha sauti mpaka mwisho, kimya. Akachomeka vile vya kuvaa masikioni, kimya. Akazima kompyuta, akaiacha ipoe, akaiwasha. Saa ikasema ni mwaka ambao Zubeda alikuwa hajazaliwa, na nyimbo bado hazipo.

Hemedi akamwita fundi mwingine, maana yule wa kwanza alikuwa amesafiri. Huyu aliitwa Ngoda, kijana mstaarabu, kazi yake anaijua. Mimi nilikuwa nimekuja kumjulia hali Saumu, ndipo nikasimama pale mlangoni. Ngoda aliamkia kila mtu, akakaa, akatuonyesha kwenye kioo. Ndani ya kompyuta kuna diski, na kila diski ina herufi yake, kama nyumba zenye namba. Nyimbo za Saumu zilikuwa zinakaa D. Akaifungua D mbele yetu. Tupu. Nyeupe kabisa.

"Pole sana, mama," akamwambia Saumu. "Umeme umeila. Diski ya namna hii ikipigwa na umeme, vilivyomo vimekwenda. Na hii kompyuta ina matatizo mengi. Ushauri wangu, tuifute yote, niiwekee programu upya. Itakuwa nyepesi, na hayo matangazo yanayokusumbua hutayaona tena."

"Fanya hivyo," Hemedi akasema.

Saumu akatikisa kichwa.

"Saumu, mdogo wangu," Hemedi akasema, na hakusema kwa ukali. "Nimekutazama muda wote huu. Unakaa mbele ya hiki kioo unasikiliza sauti ambayo Mungu ameshaichukua. Inakutesa. Labda hii ni rehema. Iache iende."

Ngoda alikuwa ameshachomeka kiflashi chake na mkono wake uko kwenye kipanya. Saumu akanyanyuka. Alikuwa mwembamba wakati ule, upepo ungemchukua. Akampita kaka yake, akajipenyeza kati ya fundi na meza, akakaa juu ya meza yenyewe, mgongo wake umeziba kioo chote.

"Mama, samahani," Ngoda akasema, amechanganyikiwa.

"Ondoa mkono," Saumu akanong'ona.

"Saumu, teremka!" Hemedi akapandisha sauti. "Fundi ameangalia, hakuna kitu! Unataka akuambie kwa lugha gani?"

"Ameangalia wapi?"

"D! Nyimbo zilikuwa D, na D ni tupu, umeiona kwa macho yako!"

Ilibidi Saumu apumzike kidogo kabla ya kusema, maana mnong'ono ule ulikuwa unamkata pumzi. Tukangoja. 

"Kaka," akasema, "mimi pia nimenyamaza. Mmenitazama mmeona tupu. Kila anayeingia humu ananipa pole kama amekuja matangani. Mimi sijafa. Na nyimbo zangu hazijafa mpaka nizione maiti zake. Kimya cha spika si kifo cha wimbo."

 Hemedi alitazama sakafu. Mimi nilihisi machozi, nikayazuia, kwa sababu kama ningelia yeye angedhani namlilia.

Saumu akateremka upande wa pili, akamsukuma Ngoda taratibu kwa bega kama mtu anayetaka nafasi kwenye benchi, akashika kipanya. Akarudi pale panapoonyesha diski zote. Akanyoosha kidole kwenye nyingine, yenye herufi E.

"Hii?"

"Hiyo ni ile diski yangu mpya," Hemedi akasema. "Haijawekwa kitu. Sijaanza hata kuitumia."

"Haina kitu?"

"Haina."

Sasa, chini ya jina la kila diski kuna mstari, na mstari huo unajaa rangi kadiri diski inavyojaa. Mstari wa D ulikuwa mweupe. Wa E ulikuwa umejaa mpaka umekuwa mwekundu. Saumu akaugonga ule mstari mwekundu kwa ukucha, tii, tii, tii, akamgeukia kaka yake.

"Kama haina kitu, imeshiba nini?"

Ngoda akasogeza kiti. Nilimwona anakunja uso, kisha uso unafunguka. "Subiri, mama. Subiri kidogo. Ifungue."

Akaifungua. Kulikuwa na makabrasha mengi ya Hemedi ya zamani, na katikati yao moja lililoandikwa KAZA MOYO. Saumu akalifungua, na nyimbo zote zilikuwa zimejipanga humo, kila moja na jina lake, kama wanafunzi mstarini.

Hemedi akakaa kwenye kochi bila kutafuta kochi liko wapi.

Ngoda ndiye aliyeeleza, na sikuona aibu kwake, alifurahi kama sisi. Alisema yule fundi wa kwanza alipoongeza diski mpya, kompyuta iliipa hiyo mpya herufi D, na ile ya zamani ikaisogeza ikawa E. Programu ya muziki haina wimbo wowote tumboni mwake. Inachoshika ni anwani. Ilikuwa inabisha hodi kila siku kwenye nyumba ya zamani, na waliokuwa wakikaa humo wamehamia nyumba ya pili. "Umeme hauna hatia," akasema. "Na mimi nilitaka kuzifuta zote mbili."



Saumu akabofya ule wimbo wa bibi harusi. Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu, na nikashika fremu ya mlango. Kisha sauti yake ikatoka. Alikuwa amesahau kwamba amepandisha spika mpaka mwisho. Ilitoka kwa nguvu, paka aliyelala juu ya boksi la kompyuta akaruka hadi dirishani, na nje watu waliokuwa wakipita wakasimama. Bibi harusi usitazame chini! Nasi waitikiaji tukijibu nyuma yake, na mimi nikajisikia mle ndani nikiwa kijana. Hemedi alisema, "Punguza, Saumu, majirani." Saumu hakupunguza. Alisimama mbele ya spika, mikono kiunoni, akaiacha iimbe mpaka mwisho.

Jioni wasichana walirudi kujifunza.

Siku ya harusi ya Zubeda tuliingia uani kwa ngoma. Saumu alitangulia mbele, pale pale alipokuwa akisimama zamani, na wasichana nyuma yake. Hakufungua mdomo. Aliongoza kwa mkono, na wasichana waliimba kila mgeuko wa wimbo kama alivyouimba yeye, hata ule mkwaruzo wa mwishoni walijaribu kuuweka. Zubeda alikuwa ameinamisha kichwa chini ya mtandio, kama wanavyofundishwa. Wimbo ulipofika kwenye ardhi haikuoi, aliinua uso akatutazama.

Hapo ndipo mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi, mgeni asiyetujua, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Jamani, Muheza mnaongozwa na mwimbaji bubu?" Baadhi wakacheka.

Ngoma ikasita. Wasichana wakamtazama Saumu. Nilidhani atatoka. Badala yake alimwendea yule mwanamke, akasimama mbele yake karibu kabisa, akainua mkono juu na kuupiga hewani mara moja, ile ishara yetu ya kuanza upya. Nikajikuta mimi ndiye ninayejibu. Sikupanga. Nilisema kwa sauti yangu yote yale maneno niliyoyasikia sebuleni, na waitikiaji wenzangu, ambao nilikuwa nimewasimulia, wakayadaka. Mpiga ngoma akayatafutia mdundo. Wasichana wakayachukua, kisha wanawake wa jikoni waliotoka na miko mikononi, kisha Zubeda mwenyewe juu ya mkeka wake, mpaka ua mzima ukawa unajibu neno moja, na Saumu katikati yetu akituongoza kwa mkono, uso wake umeinuka, hatoi hata mnong'ono:

Kimya cha spika si kifo cha wimbo.