Mayai Aliyoyaokota Kima

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti gani hizo, kama mmekula mchanga? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kale ile ya wanyama kukaa majumbani na kupika, alikuwako Kima. Mnamjua Kima, yule mwenye mkia mrefu, na maneno marefu kuliko mkia. Alioa, akakaa na mkewe kando ya mto. Uani kwake migomba tele. Ndizi za kisukari, jamani, zinajiangukia zenyewe. Pu! Pu! Pu!

Siku moja mama mkwe akaja kuwatembelea.

Sasa desturi ya makima ilikuwa hivi. Mama mkwe akilala kwako, asubuhi ya kwanza unampikia wewe mwenyewe, mkwe wake. Mkeo hagusi mwiko. Na mama mkwe haingii jikoni nawe umo. Hakuiti jina. Hamtazamani usoni, hamsemezani. Akiwa na neno, hukaa nje akakiambia kizingiti, kizingiti ndicho kikwambie. Ndiyo heshima yao hiyo, msicheke.

Kulipokucha Kima akajitapa kwa mkewe, sauti juu, makusudi mama mkwe asikie.

"Leo mama atakula ndizi za kuponda na mayai! Kwingine wanapewa uji wa majimaji. Hapa mayai!"

Mkewe akanong'ona, "Mume wangu, mayai tunayo?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Yapo yaliko!"

Akatoka mbio kwa jirani yake, Kanga. "Bi Kanga, nisitiri. Nipe mayai, nina mkwe."

Kanga alikuwa ameatamia. Hata hakuinuka. "Haya yana watoto, jirani. Njoo kesho, nitakuombea kwa dada yangu."

"Ya kesho hayaliwi leo!"

"Basi mpe ndizi. Ndizi si chakula?"

"Ndizi tupu? Nami nimekwisha kutangaza mayai?"

Kutangaza huko ndiko kulikomponza, wanangu. Kima akashuka mtoni kanuna. Akaona mchanga umetuta, kama kichuguu. Akafukua, kwaru, kwaru, kwaru. Lo! Mayai! Marefu, meupe, magumu kama chokaa. Sita. Hakuuliza ya nani. Akayatia kikapuni, huyo, mbio, anapiga mluzi.

Akafika jikoni. Kikapu akakitua mlangoni. Akakoka moto. Akamenya ndizi, akaziponda, tuku, tuku, tuku. Akateleka kikaango, akamimina mafuta ya nazi. Chwaaa!

Mama mkwe kaketi nje kwenye mkeka, jiko kalipa mgongo, kama adabu inavyotaka. Mara akasikia: Ng'we!

Akatega sikio. Ng'we! Ng'we! Inatoka kikapuni.

"Ewe kizingiti," akasema, "mwambie mwenye nyumba mayai yake yanalia."

Kima akacheka huko ndani. "Ewe kizingiti, mwambie mama ni mafuta hayo yanalia."

Mama mkwe akatupa jicho la pembeni. Yai likatikisika. Lenyewe! Hakuna mkono, hakuna upepo.

"Ewe kizingiti, mwambie mwenye nyumba mayai yake yanatembea!"

"Ewe kizingiti, mwambie mama atulie. Njaa hutembeza macho."

Mkewe akaja mbio. "Mume wangu, basi pasulia kwenye kikombe kwanza, ulione. Bibi zetu wote hupasulia kikombeni."

"Leo mwiko wangu! Nenda kaketi na mamako."

Akachukua yai. Akaligonga kwenye ukingo wa kikaango, juu ya mafuta ya moto. Ta!

Halikuvunjika. Ta! Likafanya ufa.

Ufani ikatoka pua.

Ndiyo, pua! Nyuma ya pua, jicho. Jicho la manjano. Likamtazama Kima. Kima akalitazama.

"Ng'we!"

Kima akaganda. Mkono umening'inia juu ya mafuta, yai mkononi, na kile kitoto kinajinyonganyonga kitoke. Kinateleza. Kinateleza. Chini mafuta, chwaaa. Kima hasogei. Ameduwaa kama gogo.

Nje mama mkwe akafungua kinywa, "Ewe kizi..."

Akakoma. Kizingiti kina miguu? Kizingiti kina mikono?

Aliruka, wanangu! Aliruka kizingiti, akaingia jikoni kwa mkwewe. "Kima!" Akamwita jina, jina kabisa! Akaupiga ule mkono ukaenda kando, pa! Yai likaruka, akalidaka kwa leso yake.

Mke wa Kima akajishika kichwa. Mama kaingia jikoni! Mama kamgusa mkwe! Hakujua ashangae lipi, jicho ndani ya yai au mama ndani ya jiko.

Hata hawajapumua, huko nje: kwaaa... kwaaa... Kitu kinaburura tumbo. Kivuli kikajaa mlangoni. Mama Mamba mwenyewe! Maji yanamchuruzika, mchanga umemjaa puani.

"Hodi," akasema.

Nani aseme karibu? Ungesema wewe?

"Nimewasikia wanangu wakiniita tangu mtoni. Yai langu hulipasua mimi, kwa meno yangu. Nani kalipasua hili?"

Kima meno yanagongana, ka-ka-ka-ka. Yeye yule wa maneno marefu, leo hana hata fupi.

Mama mkwe akasogea mbele, akafungua leso. "Mama mwenzangu, mwanao huyu, mzima. Wenziwe watano wamo kikapuni. Na huyu ni mwanangu mimi. Kakosa. Kaokota bila kuuliza."

Mamba akamtazama. Akafunua kinywa. Lo, kinywa kile! Meno huku, meno huku, kama ua wa miiba. Akakichukua kitoto, hap! Kikapotea.

"Kamla!" akapiga ukelele mke wa Kima. "Kamla mwanawe!"

Mamba akachukua yai kikapuni, akalibana polepole, krak, kitoto kikaingia mumo humo. La tatu, krak. La nne. La tano. Kima akaanguka chali, puu!

Lakini mama mkwe kasimama. Akainama, akachungulia. Na katikati ya meno, macho kumi ya manjano yanamchungulia yeye, kama watoto dirishani.

"Nyamazeni," akasema. "Hajawala. Mamba hana mgongo wa kubebea mtoto. Kinywa ndicho mbeleko yake."

Likabaki yai moja. Mamba akasema kwa pembe ya mdomo, asiwabane wanawe: "Huyu mama akija mtoni, anywe atakavyo. Wewe uliyelala hapo, ukija naye nitakupisha. Ukija peke yako, sikujui."

Akalichukua la sita. Akageuka. Kwaaa... kwaaa... Akaenda zake.

Jikoni, Kima kalala chali, macho juu, hajui kama angali hai. Mama mkwe akamtazama usoni.

"Kima, inuka. Mafuta yanaungua. Tia ndizi."

Kima akainuka, akatia ndizi. Ndizi tupu! Wakala watatu sahani moja, hakuna aliyeuliza mayai.

Na tangu siku hiyo Kima akishikwa na kiu hashuki mtoni peke yake. Humwendea mama mkwe, akamtazama usoni. "Mama, nisindikize." Mama akiwa anasuka ukili wake, humjibu, "Ngoja nimalize." Naye Kima hungoja, ulimi nje. Huko mtoni hukaa nyuma yake, kashika pindo la leso, anakunywa jicho moja majini.

Basi, wajukuu zangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Yai usilomjua mama yake, usilitie motoni. Na heshima ni njema, ishikeni. Lakini mtoto akining'inia juu ya mafuta, usimtume kizingiti. Ruka mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeitua. Mwenye yai jikoni akaliangalie.