Jina la Mtoto wa Kitanda cha Nne

Nawapa watu watatu, na kabla hatujaachana mtanirudishia mmoja. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Mtu wa kwanza ni Mama Kissa, mfanya usafi wa hospitali moja ndogo huko Rungwe, kule ambako mvua haina adabu, inaingia bila hodi. Huyu alijaliwa macho. Sindano ikidondoka nyuma ya kabati, yeye ndiye ataiona. Alikuwa amepiga deki wodi ya wazazi miaka kumi na tisa, na doa lililowahi kumponyoka halijulikani.

Mtu wa pili ni Daktari Mwaijande. Huyu alijaliwa mikono. Mdomo hakujaliwa, tuseme ukweli. Siku akitoa maneno ishirini, kumi na mawili ni majina ya dawa. Lakini mikono yake ilifika penye maumivu kabla mgonjwa hajamaliza kueleza.

Mtu wa tatu ni Tusekile, binti wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza kidato cha sita na alikuwa akingoja kwenda kusomea udaktari. Huyu alijaliwa kichwa. Ukurasa akiusoma mara moja, umeingia na hautoki. Ni yeye nitakayemfuata kwa karibu, kwa sababu wenzake wawili walipata usingizi baada ya mambo haya, na yeye hakupata.

Baba yake, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyemwombea nafasi ya kumfuata Daktari kwa wiki nne, aione kazi kabla hajaapa kuipenda. Alimshonea koti jeupe kwa fundi, akalipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe. Tusekile akaingia chumba cha daktari akiwa amenyooka kama hilo koti.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa pale."

Pale palikuwa na kigoda, kati ya kabati la mafaili na sinki, nyuma ya kiti cha mgonjwa. Kutoka pale aliona migongo tu. Wiki ya kwanza akasomea migongo. Wiki ya pili akawa bingwa wa kola: ya mkulima, ya karani, ya mzee aliyevalishwa na mjukuu. Daktari alisikiliza, akapapasa, akaandika kwenye daftari la mgonjwa, akaita mwingine. Siku Tusekile alipothubutu kuuliza kwa nini bibi mmoja amepewa dawa hii na siyo ile, Daktari alijibu bila kuinua kalamu, "Utafundishwa chuoni."

Tusekile alikuwa amenunua daftari na kuandika jaladani "Niliyojifunza". Hadi wiki ya tatu lilikuwa na mstari mmoja: Dari lina mbao arobaini na sita.

Wewe hapo unacheka, lakini hata wewe ungechoka.

Alhamisi ya wiki hiyo ya tatu, asubuhi, mchuma chai mmoja aitwaye Atuganile alijifungua mtoto wa kike, wake wa kwanza. Alijifungua salama, akalazwa kitanda cha nne. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja tu, na mara akaitwa chumba cha pili kwa mama mwingine aliyeshikwa na uchungu. Daktari alipita, akamkuta Tusekile amesimama mlangoni hana la kufanya.

"Binti. Kaa na huyu mama. Mtazame."

Akaenda zake.

Tusekile akakaa, akamtazama. Atuganile alikuwa amefumba macho, blanketi limemfika shingoni, na mtoto amelazwa kando yake, amefungwa vizuri. Zikapita dakika kumi. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa picha ya rafiki yake wa shule, aliyepata nafasi ya kumfuata daktari mmoja mjini. Amevaa kofia ya chumba cha upasuaji, na chini ameandika: "Leo nimeshika taa wakati wa operesheni! Wewe je?"

Yeye je? Yeye alikuwa mlinzi wa mtu aliyelala. Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwenye kamba za kuanikia mashuka, akaanza kumrekodia rafiki yake ujumbe wa sauti: daktari wake ni jiwe, siku zake zinapotea bure, anafanywa kama pambo la ofisi. Ujumbe ulikuwa wa dakika sita, nne za kulalamika na mbili za kulia. Kisha akausikiliza tena wote, kuona kama kulia kwake kumesikika.

Sasa watazameni watu wangu watatu.

Mama Kissa aliingia wodini na ndoo yake. Tambara la kudekia likapita chini ya kitanda cha nne na kurudi jekundu. Mfanya usafi haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Yeye akalifunua blanketi. Shuka lilikuwa limelowa hadi godoroni, na midomo ya Atuganile imepauka. Mama Kissa akapiga ukelele uliovuka korido mbili. Kama angeanza kudeki upande wa dirishani, Atuganile leo asingekuwepo.

Daktari alifika mbio, na hakuna mtu pale aliyewahi kumwona akikimbia. Mji wa mimba ulikuwa umelegea, unakataa kujikaza. Akaingiza mkono mmoja ndani, mwingine akaukandamiza juu ya tumbo, akaubana mji wa mimba katikati, huku muuguzi akichoma sindano na kutundika dripu. Dakika arobaini hakuachia. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Kama mikono yake ingechoka mapema, Atuganile leo asingekuwepo.

Tusekile aliusikia ule ukelele, akarudi mbio, akasimama mbele ya kitanda alichokuwa amekiacha. Friji ya maabara ilikuwa na chupa moja ya damu ya kundi O. Ikatundikwa, ikaisha, na bado mama alikuwa mweupe. Mumewe alikuwa mbali machimboni, ndugu hawajafika.

"Nani hapa ni kundi O?" Daktari aliuliza.

"Mimi," alisema Tusekile.

Akapimwa haraka, akalazwa, akatoa. Kama angesitasita, Atuganile leo asingekuwepo.

Mnaona? Ukimtoa mmoja kati yao, hakuna mama. Ingeishia hapo ningewaruhusu mwende mkale.

Mambo yalipotulia Daktari alikwenda kunawa. Akauliza, mgongo umewaelekea, "Nani aliiona damu kwanza?"

Mama Kissa alikuwa akikamua tambara lake. "Tulikuwa wote wawili, Daktari. Mimi na binti."

Tusekile akaikandamiza pamba mkononi, pale alipotolewa damu.

"Vizuri, binti," alisema Daktari.

Ilikuwa sifa yake ya kwanza kwa wiki tatu, na haikuwa yake.

Kesho yake aliikuta ofisi imebadilika. Kigoda kilikuwa kimetolewa kwenye sinki, kimewekwa kando ya kiti cha Daktari, na kutoka pale unawaona watu usoni. "Njoo," Daktari alisema. "Weka vidole hapa. Unasikia inavyoruka?" Akamweleza mapigo ya moyo, akamweleza macho ya mwenye homa ya manjano, akamweleza hata ile dawa ya yule bibi. Kila alichokuwa akikililia kilikuja siku ile moja, na kila neno lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa linamfundisha mtu ambaye hayupo, binti mwenye macho makali aliyebuniwa na Mama Kissa. Akaandika kurasa kumi na moja za daftari. Nyumbani alishindwa kulifungua. Chakula alikisukuma, na baba yake alipouliza kazi imekwendaje, alijibu "nzuri" na kujichukia.

Jumamosi alimfuata Mama Kissa kwenye stoo ya mafagio.

"Mama, kwa nini ulisema vile?"

"Angekufukuza."

"Nilistahili."

"Kissa wangu alipovunjika mguu, baba yako alikuja kumfundishia nyumbani muhula mzima. Anakuja na mvua, anaondoka na mvua. Nyamaza, mwanangu. Ukasome."

Akanyamaza. Mambo ya kunyamaza huwa mepesi siku ya kwanza.

Jumatatu Atuganile aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa ameketi kitandani, bado mnyonge, mtoto kifuani. Ilibaki kadi ya kliniki, na kwenye kadi mstari mmoja ulikuwa wazi, wa jina la mtoto. Daktari alikuja, Tusekile nyuma yake, na Mama Kissa alikuwa pale pale na ndoo.

"Nimeambiwa damu iliyomo ndani yangu ni ya huyu dada daktari," alisema Atuganile. "Mtoto wangu nataka awe wajina wake. Ndaga, dada. Asante sana."

Daktari akatoa kalamu yake, ile ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akampa Tusekile. "Andika."

Tusekile akaishika kadi. Nukta ya wino ikagusa mwanzo wa mstari, na mkono ukagoma.

"Siwezi," alisema. "Sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?" aliuliza Atuganile.

"Hapa. Niliambiwa nikutazame. Nikatoka nje kuongea na simu, nikakuacha peke yako. Damu aliiona Mama Kissa, akiwa peke yake. Kisha nikasifiwa nami nikakubali."

Mama Kissa akaweka ndoo chini. "Niliyedanganya ni mimi, si yeye. Na nilimwona akitoka. Nikasema, acha apumzike, nikaenda kumalizia korido kwanza."

Daktari alikuwa akitazama sakafu. Alipoanza kusema, yalimtoka maneno mengi kuliko ya wiki nzima.

"Nilimwambia atazame. Sikumwambia atazame nini. Hata mtu unayemwachia maziwa jikoni unamwambia yakianza kupanda afanye nini. Wiki tatu nilimkalisha nyuma ya migongo ya watu kwa sababu kufundisha kunanichosha, halafu siku moja nikamkabidhi roho ya mtu. Mama, hilo kosa mimi ninalo."

Atuganile alimtazama Tusekile peke yake, kana kwamba hao wengine hawajasema.

"Nilikuita," alisema. "Nilisikia nguvu zinaniisha. Nikaita, 'Dada.' Nikaita mara tatu. Ya tatu haikutoka nje."

Tusekile alilia. Siwaambii kwamba kuna mtu alimbembeleza, maana hakuna. Alilia amesimama, kadi mkononi, na alijua kwamba ile "Dada" ya tatu, ambayo hakuisikia, ataisikia maisha yake yote.

Atuganile akamweka mtoto vizuri kifuani.

"Damu yako imo ndani yangu, siwezi kuitoa," alisema. "Na hasira nayo imo. Mimi sichagui tena. Wewe ndiye unayeyajua yote, na kalamu unayo. Andika jina la anayestahili, nami nitamwita hilo hilo hadi nife."

Tusekile akajifuta uso kwa mkono wa koti alilopigiwa pasi na baba yake.

"Daktari, jina lako la kwanza ni nani?"

"Lugano."

Ni jina ambalo kule hupewa mvulana na msichana vilevile. Akamgeukia Mama Kissa, na hapo akagundua kwamba hakuwahi kuuliza.

"Na wewe, Mama? Jina lako hasa?"

Mama Kissa alilitoa taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo ambao hajautumia siku nyingi. "Ikupa," alisema. Daktari aliinua uso. Miaka kumi na tisa alikuwa akimwita Mama Kissa.

Basi majina ni matatu, na mstari ni mmoja.

Najua mlivyo, mmeshaanza kunong'ona. Wewe wa nyuma unasema Ikupa, kwa kuwa bila kuiona damu mikono ingezuia nini? Haya, lakini alimwona binti akitoka, akaenda kumalizia korido. Wewe unasema Lugano, kwa kuwa dakika arobaini si mchezo. Haya, lakini ni nani aliyemwachia mtoto wa shule kazi ya muuguzi kwa neno moja? Na wewe kijana unasema Tusekile, damu ni damu. Haya. Damu hakuisomea, na angekaa kitini dakika ishirini pengine lisingehitajika hata tone. Ila niambieni pia, ni nani kati ya watatu aliyesema kweli wakati uongo ulikuwa umeshamfaa?

Na msiniletee ujanja wa kuunganisha majina. Mstari wenyewe ni mfupi, nimeuona.

Mtoto yule sasa ana miaka mitano. Mama yake ana tabia moja, humwita kwa sauti ya chini sana, hata akiwa upande wa pili wa shamba la chai, na mtoto huitika palepale, hangoji kuitwa mara ya pili. Jina analoitwa nalijua. Silisemi.

Niliwapa watu watatu. Kalamu hii hapa, kadi hii hapa, na mama anangoja. Wewe ungemwandika nani?