Chungu cha Gengi la Otmari

Dawa ya mmoja hupikwa chungu cha wote. Mmeisikia leo zahanati, nesi akiwaambia waliokwenda kupima sukari, na mmerudi mnaniuliza maana yake kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga. Sikuitunga. Ila nilikuwapo ilipozaliwa, na aliyeitamka mara ya kwanza namjua kwa jina na kwa sura. Kaeni vizuri, na hizo simu wekeni chini. Methali hii ilianza hivi.

Enzi hizo tulikaa kambi ya Darajani, kwenye mashamba ya miwa. Watu wa kambi ile wote walikuwa wa kuja. Wangoni walitoka Songea, Waha walitoka Kigoma, palikuwa na Wabena na Wamakonde, na kila mtu alikuja na lugha yake na mapishi yake. Wanaume walikata miwa kwa magengi, na kila gengi lilikuwa na msimamizi wake na chungu chake. Saa sita mchana trekta ilileta chungu shambani. Watu waliweka mapanga chini, wakanawa, wakakizunguka.

Mpishi wa gengi ninalolisema alikuwa Mama Kolumba, mjane wa Kingoni, mkali, mwenye mkono mzito wa chumvi. Ukila maharage yake unakunywa maji mpaka jioni. Nao walimpenda kwa hilo hilo, maana mkata miwa anaamini chumvi ndiyo inayorudisha jasho lililomtoka. Chai nayo, usiseme. Sukari tulikuwa tunapewa na kiwanda, basi ukiinamisha kikombe chai inakataa kumwagika. Haya, hapo nimetia chumvi kidogo. Kwingine kote sitatia.

Katika gengi hilo alikuwamo Muha mmoja, Ntakije, mtu mpole, baba wa watoto wanne. Siku moja alishikwa na kizunguzungu kwenye miwa akakaa chini. Mkewe, Yusta, alimburuta mpaka zahanati. Nesi Eufrasia akampima, akaguna. Presha ilikuwa juu sana, na sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi, mafuta na sukari.

"Mwisho wa mwezi unarudi hapa," nesi akamwambia. "Nikikuta presha iko pale pale, panga hulishiki tena. Sitaki kiharusi kikuangushe katikati ya shamba."

Sasa jueni kambi ilivyokuwa. Asiye na panga hana chumba, maana vyumba vilikuwa vya kiwanda. Ntakije angesimamishwa, angefungasha mkewe na watoto wake warudi Kigoma, na huko hakuwa na shamba wala nyumba. Akaogopa sana. Hakumwambia mtu, akanywa vidonge vyake kwa siri.

Yusta alibadili chakula cha nyumbani siku ile ile. Lakini ya jioni kitu gani, wakati mchana mumewe anakaa kwenye chungu cha Mama Kolumba? Basi asubuhi moja akamfungia hotipoti. Ndani alitia ndizi za kuchemsha na mchicha, chumvi hakuna. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana katika magengi palikuwa na desturi. Mwanamume akila pembeni, chungu kikiwapo, huwa amesema neno bila kufungua mdomo. Amesema kuna sumu humo, au kuna mchawi kati yenu. Watu walikuwa wameshapigana kwa jambo hilo. Ntakije aliijua desturi, ila kiharusi alikiogopa zaidi. Akakaa kwenye tuta, akafungua hotipoti yake. Wenzake waliokuwa wameshatia mikono kwenye ugali wakaitoa.

Msimamizi wa gengi alikuwa Otmari, kijana mrefu, mwenye maneno mengi. Msicheke. Ndiye huyo babu yenu anayekoroma humo ndani.

"Ntakije," Otmari akauliza, "chungu hiki kina nini?"

"Hakina kitu, bwana. Leo nimetamani ndizi tu."

"Hebu nionje."

Akaonja, akatema. "Hazina hata chumvi. Mtu aache maharage ya Mama Kolumba ale hiki? Una lako jambo. Basi kama wewe huli, na sisi hatuli."

Chungu kikarudi kambini kimejaa. Mama Kolumba alipofunua kifuniko hakuuliza mara mbili. Dereva wa trekta alikuwa ameshamwaga habari yote. Akachukua upawa wake, akashika njia kwenda chumbani kwa Ntakije. Mimi nilikuwa binti, nikikaa na shangazi yangu chumba cha jirani, na majirani hatukosi pa kuchungulia. Tukamfuata.

"Toka nje, wewe Muha," alisema pale mlangoni. "Unieleze nimemroga nani."

Ntakije akatoka. Yusta ndiye aliyejitokeza, machozi yanamtoka.

"Mama, hujaroga mtu. Mwenzangu anaumwa. Ana presha, na chumvi yako itaniulia mume. Akila kwako anakufa, asipokula kwako mnamwita mbaya. Afanyeje?"

Upawa ukashuka. Mama Kolumba akaketi pale kizingitini. Mumewe marehemu, akasema, alianguka asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu, mdomo ukaenda upande, na hakuinuka tena. Na yeye ndiye aliyekuwa akimpikia.

"Kumbe nilimpikia chumvi hii hii," akasema, akalia na yeye. Nasi tuliokuwa tunachungulia tulipata aibu, tukaanza kuondoka mmoja mmoja, na neno lile hatukulipeleka kwa mtu.

Alipomaliza kulia akajifuta kwa kanga. "Sikiliza, mwanangu. Wewe hutoki kwenye chungu. Chumvi ndiyo itakayotoka."

Kesho yake asubuhi aliingia kwa nesi Eufrasia kuuliza apike vipi. Nesi alifurahi mpaka akamfuata jikoni. Wakapatana na wake wa gengi: huyu alete mchicha na matembele ya bustani yake, huyu ndimu, huyu tangawizi, mwingine nyanya. Nesi akasisitiza chumvi kidogo inatosha, maji ya kunywa ndiyo yawe mengi.

Mchana Mama Kolumba mwenyewe akapanda trekta pamoja na chungu, gengi likaonja.

"Mama," Otmari akasema, "leo umesahau kitu."

"Sijasahau. Kula."

Walikula wakinung'unika. Siku iliyofuata Otmari, babu yenu huyo, akaja na chumvi mfukoni ameifunga kwenye gazeti. Akaifungua, akataka kuimwaga kwenye chungu. Ntakije akamshika mkono.

"Usitie, bwana Otmari. Ni kwa ajili yangu." Akawaambia yote pale pale: kizunguzungu, vidonge, panga, Kigoma.

Otmari akabaki na gazeti lake. "Sasa mbona ulituacha tukakuona adui?"

"Niliogopa mtasema nimekwisha."

Otmari akainuka. Akaimwaga chumvi kwenye mizizi ya muwa, akachota maharage, akala.

Ndipo nesi Eufrasia akaona mlango umefunguka. Ijumaa akapanda trekta pamoja na Mama Kolumba na chungu, na mashine ya presha kwapani, akatangaza kwamba amekuja kupima watu. Nusu ya gengi wakaingia kwenye miwa. Shambani kwetu kupima ni kazi ya bwana mwenye kamba, anayepima ngwe yako, kipande chako cha siku, na kukuambia imepungua, rudi ukakate. Walidhani na yeye anatafuta wa kupunguza kazini.

"Hapimwi mtu ngwe hapa," Mama Kolumba akawaitia. "Asiyepimwa hanawi." Wakatoka kwenye miwa mmoja mmoja, wamejaa majani.

Otmari akajitanguliza, kifua mbele, kuwaonyesha wenzake. Nesi akasoma, akarudia, akamtazama.

"Mashine yako imeharibika?" Otmari akauliza.

"Mashine ni nzima. Wewe presha yako imeipita ya Ntakije."

Gengi zima lilicheka mpaka mwenyewe akacheka. Lakini baada ya hapo hakuna aliyenung'unikia maharage. Wengine wanne walikutwa hivyo hivyo, na magengi mengine yakaanza kumtuma mtu aje kumuuliza Mama Kolumba anatia nini.

Mwisho wa mwezi Ntakije akaenda zahanati. Hakwenda peke yake. Gengi lote lilisimama nje na mapanga yao, na Mama Kolumba, na Yusta na watoto, na sisi majirani. Nesi akampima mkono huu, akampima na ule, akafungua dirisha ili wote tusikie.

"Presha imeshuka. Vidonge aendelee. Na kesho akashike panga."

Yusta alikaa chini palepale kwenye vumbi. Nesi akamgeukia Ntakije.

"Wagonjwa wangu wote nawaambia wapunguze chumvi, na wote wananishinda. Wewe umewezaje?"

"Mimi sijaweza, nesi," Ntakije akasema, huku akitutazama dirishani. "Peke yangu nilishindwa siku ile ile nilipofungua hotipoti. Dawa ya mmoja hupikwa chungu cha wote."