Punda wa Mgeni Hunywa Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, na wa nyuma wasikie.

Hapo zamani za kale, mbali kabisa, mahali ambapo njia huchoka kabla ya msafiri, palikuwa na kijiji cha wafugaji. Vumbi jekundu, ng'ombe wengi, nyumba chache, kisima kimoja.

Siku moja mwuza chumvi aitwaye Machano alikwenda huko na punda wake, Tikiti. Walitembea, walitembea, walitembea, mpaka masikio ya Tikiti yakalala. Walipofika, Machano akakuta watu wanafunga mizigo. Kisima kilikuwa kinakauka. Kesho yake wangehama wote, isipokuwa Bi Sikudhani, mkubwa wa kijiji. Miguu yake ilikwisha kuaga safari. Angebaki peke yake na mbuzi wake.

Ng'ombe walisongamana horini. Mmoo! Mmoo! Bi Sikudhani akamwona mgeni, akagonga fimbo yake. Ko! Ko! Ko!

"Punda wa mgeni hunywa kwanza!"

Bwana Songoro, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, akaruka. "Bi mkubwa! Ndoo ya mwisho apewe punda? Na masikio yote yale?"

"Kwani atanywa kwa masikio?"

Watu wakacheka. Machano akaona haya. "Shikamoo, bibi. Mwache tu, atavumilia."

"Marahaba, mwanangu. Vumilia wewe. Yeye hajafundishwa methali."

Basi Tikiti akanywa. Gudu! Gudu! Gudu! Masikio yakasimama. Akainua pua, akanusa upepo, akashika njia. Tika, tika, tika, hadi kwenye mto mkavu. Machano mbio nyuma yake. "Wee Tikiti! Aibu ya leo haikutoshi?"

Tikiti akaanza kuchimba kwa kwato. Paru! Paru! Mchanga mkavu. Paru! Paru! Mchanga mbichi. Paru! Paru!

Maji!

Kijiji kizima kikaja mbio na majembe. Songoro alimbeba Bi Sikudhani mgongoni, naye akimchapa begani kwa furaha.

"Tunapita hapa kila siku!" Songoro alisema, akihema.

"Ng'ombe wetu wamezoea kuchotewa," bibi akajibu. "Huyu amezoea kujitafutia. Ila asingekunywa, angelala palepale."

Machano akauliza, "Bibi, kumbe ulijua ataona maji?"

"Mimi? Nilijua ana kiu."

Mizigo ikafunguliwa. Hakuhama mtu.

Bi Sikudhani alikwisha kututoka, lakini huko bado mgeni haulizwi jina kwanza. Huulizwa, "Mnyama wako yuko wapi?" Na Songoro, mpaka uzeeni, ndiye aliyekuwa akikimbia na ndoo.

Ndiyo maana wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtendee wema kwa kuwa ana kiu, si kwa kuwa atakulipa.

Hadithi yangu imefika kisimani, nami naituliza hapo.