Kengele ya Mzee na Fundi Mwenye Kompyuta

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na wenye simu mkononi muziweke chini kidogo, maana leo nimekuja na hasira.

Kulikuwa na mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekuwa akimuuguza mumewe nyumbani. Mzee alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa wote na ulimi ukawa mzito, asiweze hata kuita. Watoto wao walioko mbali wakaleta vile vifaa vya nyumba za kisasa: taa zinazojiwasha, swichi zinazoelewana zenyewe kwa zenyewe bila waya. Mama alithamini kimoja tu. Kando ya kitanda palikuwa na kitufe kikubwa cha mviringo, cha kushika mkononi. Mzee akikibonyeza kwa mkono wa kushoto, kengele inalia jikoni. Akitaka maji, kengele. Akitaka kugeuzwa, kengele. Akitaka mkewe aje tu akae naye, kengele. Ndiyo ilikuwa sauti yake iliyobaki.

Fundi aliyevifunga alikuja na kompyuta, akaifungua mezani, akabonyezabonyeza, kisha akabandika karatasi juu ya kila kifaa: USIGUSE, MPIGIE FUNDI.

"Mama," akasema, "hivi vitu vinajuana kupitia kompyuta tu. Tena iwe ya Windows. Simu yako haiwezi, wala hicho kitableti walichokuletea watoto. Ukigusa, unavuruga nyumba nzima."

"Sawa, baba," mama akajibu.

Sikieni! Huyu ni mama aliyezalisha nusu ya watu wa wilaya yake, lakini mbele ya kompyuta akajiona hajui kitu. Si ndivyo tulivyo? Akija mtu na mashine na maneno matatu ya kigeni, tunamwachia hata funguo za nyumba.

Basi, wiki moja umeme ukakatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mchezo huo mnaujua. Uliporudi mara ya mwisho, kitufe na kengele vikasahauliana. Mama hakujua. Asubuhi alikuwa jikoni akikoroga uji, roho imetulia, maana kengele haijalia. Mzee atakuwa bado amelala. Alipoingia na bakuli, alimkuta sakafuni. Kitufe kilikuwa kiganjani, na kidole gumba bado kinabonyeza. Alikuwa ameita mpaka akachoka, akajaribu kushuka mwenyewe, akaanguka. Paji la uso limevimba, machozi yamekauka mashavuni. Na mkewe alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

Alipokwisha kumpandisha kitandani, akampigia fundi.

"Fundi, kengele hailii. Mzee ameanguka."

"Pole sana, mama. Mpaka kompyuta. Niko safarini, nitakuja Jumatatu."

"Hakuna njia nyingine kabisa?"

"Hakuna, mama. Bila kompyuta ya Windows haiwezekani."

Jumatatu ikawa Alhamisi. Alhamisi ikawa kompyuta ina tatizo kidogo. Mama akapigwa danadana siku tisa. Akahamishia jiko la mkaa kwenye mlango wa chumba, akawa anapikia hapo asimpoteze mzee machoni. Sokoni hakwenda, ibadani hakuonekana. Na washirika wenzake wakasema nini? Wakasema huyu mama imani imepoa!

Siku ya kumi alikuwa akitafuta sindano. Sindano na nyuzi alikuwa akizihifadhi ndani ya boksi la ile kengele, kama akina mama mnavyofanya, kwenu boksi zuri halitupwi. Chini ya nyuzi akakuta kikaratasi kimekunjwa mara nane. Muuguzi anavijua vikaratasi hivyo. Miaka thelathini alivisoma kutoka kwenye maboksi ya dawa kabla ya kumpa mgonjwa kidonge. Akavaa miwani.

Kikaratasi kilisema hivi: bonyeza kidude cha kengele, shikilia mpaka taa yake iwake na kuzima. Nenda kwenye kitufe cha kitandani, bonyeza, shikilia mpaka kengele ilie mara mbili. Tayari vimeunganishwa. Ukitaka kuvitenganisha, rudia vilevile. Kompyuta ilitajwa mara moja tu, mwishoni kabisa: kwa mwenye vifaa vingi, inarahisisha kazi.

Mama akaenda jikoni, akaigeuza ile kengele huku na huku. Hakuna kidude. Akabandua kwa ukucha ile karatasi ya USIGUSE, na hapo chini yake ndipo kilipokuwa, kidogo kama punje ya mtama. Akashikilia. Taa ikawaka, ikazima. Akaenda kwa mzee, akamshika mkono, wakabonyeza wote wawili, na kule jikoni kengele ikalia mara mbili. Mzee akacheka kwa upande mmoja wa uso, akabonyeza tena, na tena, mpaka mkewe akamwambia, "Nimesikia, mume wangu. Nimesikia." Kisha mama akaketi pembeni ya kitanda akalia, na hakikuwa kilio cha furaha. Ilikuwa hasira tupu.

Siku ya kumi na mbili fundi akaja, begi la kompyuta begani. Mama akamsimamisha mlangoni na kikaratasi mkononi.

"Ulikuwa unaijua njia hii?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Niliijua, mama. Lakini watu wote wakijua kubonyeza, mimi nani ataniita?"

Mnaguna. Nawasikia. Kuna mzee pale amesema angemzaba kofi. Guneni tu, anastahili! Lakini msiende mbali kumtafuta. Fundi huyo yuko hapa mbele yenu, amevaa joho, ameshika kipaza sauti.

Ni sisi. Sisi wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa vikundi vya maombi. Jumanne iliyopita mama mmoja wa usharika huu alikuja ofisini kwangu, mwanawe amelazwa. Akaambiwa mchungaji yuko mkutanoni, rudi Ijumaa. Akarudi Ijumaa. Nikamuuliza, "Mama, siku hizi tatu umekuwa ukimwambia Mungu nini?" Akanijibu, "Sijamwambia kitu, mchungaji. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Siku tatu, jamani! Mtoto hajitambui, na mama yake hajafungua kinywa mbele ya Mungu aliyempa mtoto huyo! Nani alimfundisha kwamba maneno yake hayafiki mpaka yapitie kwangu? Mimi. Miaka kumi na moja nimesimama hapa nikifurahia kuitwa. Na ninyi mkakubali, kwa sababu kuandika jina kwenye karatasi na kuniachia mezani ni rahisi kuliko kupiga magoti. Tumeoneana haya vya kutosha. Mungu anamsikia hata asiye na ulimi, na sisi tumejifanya walinzi wa masikio yake.

Kwa hiyo leo simwombei mtu. Yule mama yupo, amekaa karibu na dirisha, na mwanawe bado hajaamka. Mama, simama. Usitafute maneno yangu, sema yako, hata yakiwa mawili, hata yakiwa ya hasira. Sisi tutanyamaza, na amina yangu itakuwa ya mwisho humu ndani.

Anza, mama.